Kichwa Kilichosifiwa

Wiki hii nilikuwa nimewaandalia wasomaji wangu jambo jingine kabisa. Jumatatu asubuhi simu ikalia, na aliyepiga alikuwa dada wa rafiki yangu mmoja, mwanamke anayeuza sambaza, wale samaki wadogo, kule Bweremana, kando ya ziwa. Hakunisalimu. Alisema tu, "Papa, Profesa ametuacha," kisha nikasikia upepo na kelele za watu wa sokoni, na mtandao ukakatika. Nilijaribu kumpigia tena mara nyingi bila kumpata. Nilikaa na simu mkononi, nikijua kwamba habari yenyewe nilikuwa nikiingoja kwa majuma kadhaa, na kwamba kungoja kote huko hakukunisaidia chochote. Yale niliyokuwa nimeyaandaa nimeyaweka kando. Leo nitawasimulia juu ya mtu huyu.

Hakuwa profesa. Alikuwa mkulima. Cheo hicho alipewa akiwa bado anabebwa mgongoni, kwenye vilima vya Masisi, kwa sababu ya kichwa chake. Katika miezi ya kwanza ya maisha yake kichwa kilikua kupita mwili, mpaka mama yake akawa anamshikia shingo kwa kiganja kila anapomnyonyesha. Sweta zake zilipasuliwa shingoni na kushonewa kifungo, la sivyo hazikupita. Baadaye, bila mtu yeyote kujua kwa nini, kichwa kikapunguza mwendo, mwili ukaanza kukifuata polepole, na mtoto akatembea, ingawa alichelewa. Hakuna aliyefikiri habari ya ugonjwa. Jirani mmoja mfugaji, aliyekuwa akipitisha maziwa asubuhi, alimwinua yule mtoto juu na kumwambia baba yake, "Papa, wewe uko na bahati. Muone kichwa! Mutoto huyu atakuwa profesa." Watu waliokuwapo wakacheka na kukubali. Kuanzia siku hiyo jina la ubatizo likabaki kanisani, na kijiji kizima kikamwita Profesa.

Baba yake hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke mapema. Alikuwa mkulima wa maharage na viazi mwenye shamba la mteremko, na shamba hilo liliweza kusomesha mtoto mmoja, si wawili. Binti yake mkubwa alikuwa ameshaanza shule. Alikuwa ameshajua kusoma, na siku za Jumapili katekista alimpa masomo mafupi ayasome mbele ya watu. Mvulana alipofika umri wa kuingia darasani, baba akawaweka wote wawili mbele yake, akawatazama, akaamua. Dada mwenyewe ndiye aliyenisimulia maneno ya siku hiyo: "Papa alisema, 'We uko na kichwa kadogo, mwana wangu, utabakia na mama yako ku shamba. Huyu njo Mungu alimupa akili, tusimupoteze.'" Msichana akavua sare, akaifua, akaikunja. Asubuhi iliyofuata alimsindikiza mdogo wake hadi mlangoni mwa shule, kwa sababu mtoto alikuwa bado anajikwaa njiani.

Mimi nilikutana na Profesa katika shule ya sekondari, tukakaa dawati moja. Nakumbuka hasa vipindi vya hesabu. Mwalimu wetu alikuwa kijana mwenye hasira za karibu, na kila alipoandika zoezi gumu ubaoni alimwita Profesa kwanza, kana kwamba anafungua kabati analojua kuna kitu ndani. Rafiki yangu alisimama na chaki, jasho likimtiririka nyuma ya masikio, akaandika mstari mmoja, akaufuta. Siku moja tulirudishiwa mtihani, mimi na yeye tukiwa na alama zilezile, alama za wastani, za mtu anayejaribu. Mwalimu alinipiga bega na kuniambia niendelee hivyohivyo. Kisha akamgeukia mwenzangu. "Kichwa yote hii, na unaniletea hivi? Unafanya uvivu! Unanizarau!" Akamchapa mbele yetu sote. Tulikuwa tumetoa majibu yanayolingana. Tofauti yetu ilikuwa kile kilichokaa juu ya shingo. Na mara nyingi nilimwona wakati wa mapumziko akibandika paji la uso kwenye ukuta wa matofali, mahali penye kivuli, akifumba macho. Alikuwa akitafuta ubaridi kwa sababu kichwa kilimuuma. Wanafunzi wadogo walipita kwa kunyata na kunong'onezana, "Anafikiri."

Mtihani wa Serikali, ule wa kumaliza sekondari, ulimshinda mara ya kwanza, akaurudia, ukamshinda tena. Kijijini hawakusema ameshindwa. Walisema amerogwa, kwamba kuna mtu aliyeionea wivu akili ile na kuifunga. Baba yake alizunguka kutafuta maombi. Profesa mwenyewe alichoka na aibu hiyo, akachukua jembe, akahamia Kibua, huko Walikale, mahali ambapo alidhani hakuna anayemjua. Alioa, akazaa, akalima mihogo na migomba. Lakini kichwa alikwenda nacho. Hazikupita siku nyingi kabla watu wa huko nao hawajaanza kumwita kwenye mabaraza yao na kumpa kiti cha mbele.

Niliwahi kumtembelea, na akanisimulia kisa kimoja ambacho kimenikaa. Ndugu wawili waliogombania mpaka wa shamba la marehemu baba yao walimjia wamekasirika, kila mmoja na mashahidi wake, wakamtaka aamue. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akatazama upande huu na upande ule, kisha akawaambia ukweli: "Mi sijue." Wakangoja. Akarudia, "Bandugu, mi sijue kweli, mutafute muntu wa zamani anayejua mupaka." Yule mkubwa akainamisha kichwa kwa heshima, akamwambia mdogo wake, "Umesikia? Profesa anatuonyesha kwamba sisi wenyewe njo tunajua." Wakaondoka pamoja, wakagawana shamba bila matata, na kesho yake wakamletea kuku. Aliponisimulia haya alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha kicheko kikakatika. "Unaona?" aliniambia. "Hata nikisema ukweli, batu habanisikie mimi. Banasikia kichwa."

Nilidhani wakati ule kwamba huo ndio ungekuwa mwisho wa hadithi yake, mtu wa kawaida aliyevikwa sifa asizoziomba, anayezeeka taratibu kati ya migomba yake. Ndipo mapigano yakafika kwao. Wakakimbia kila mtu na upande wake, kama inavyotokea milio ya risasi inapoanza ghafla. Mke na watoto walishika njia ya Pinga na kundi la majirani. Yeye, aliyekuwa shambani upande wa pili, alisukumwa na wengine kuelekea kusini, akateremka milima kwa siku nyingi, akaibukia Bweremana kwa dada yake. Yule dada aliyevua sare. Alikuwa ameolewa huko, akafiwa na mume, akabaki na biashara yake ya sambaza na nyumba ya mbao. Alimpokea mdogo wake, akampa chumba cha nyuma, na ndiye aliyegundua kwamba kuna jambo haliendi sawa.

Profesa alikuwa ameanza kutembea miguu ikiwa mbalimbali, kama mtu aliyesimama ndani ya boti. Alianguka mahali pasipo na jiwe wala shimo. Kichwa kilimuuma kila asubuhi hadi akatapika. Mkojo ukaanza kumponyoka, na aibu ya jambo hilo ikamfanya akatae kutoka nje. Halafu akaanza kusahau. Aliniuliza kwenye simu jina la mtoto wake wa tatu, na nilipomwambia, akaniuliza tena jina lilelile. Watu waliokimbilia Bweremana, waliojaa kila uwanja, walimtazama na kutoa maelezo yao. Walisema akili imemzidi. Walisema muntu akisoma kupita kiasi bongo inachoka. Dada yake hakuridhika. Akamtia kwenye boti, akamleta Goma, akaniita nikutane nao hospitalini.

Daktari alikuwa mwanamume mtaratibu, mwenye sauti ya chini. Alimgonga magoti, akamtembeza, akampima kichwa kwa utepe, akauliza, "Papa, kichwa iko hivi tangu zamani?" Profesa akajibu, "Tangu utoto, docteur. Njo bananiita Profesa." Daktari hakucheka. Akaagiza picha ya skana. Tulipoitwa tena, sisi watatu tukakaa kwenye benchi mbele ya kioo cha kompyuta, na ndani ya kioo kulikuwa na umbo la fuvu lililokatwa kama papai. Katikati palikuwa peusi, pakubwa, peusi karibu pote. Kando kabisa, ukizunguka mfupa, ulikuwapo mkanda mwembamba wa kijivu.

"Hii ya kijivu njo bongo," alisema daktari akipitisha kalamu. "Na hii nyeusi iko mayi."

Maji matupu. Dada akasogea mbele. "Yote hii?"

"Yote, mama. Kila muntu iko na mayi kidogo mu kichwa. Kwake njia ya kutokea ilizibana akiwa mutoto. Mayi ikajaa, ikapanua mufupa, ikasukuma bongo ku kando. Kiisha ikatulia, miaka mingi. Sasa imeanza tena kumusumbua."

"Basi ile kichwa kubwa tuliyokuwa tunasifu, ilikuwa mayi?"

"Ilikuwa mayi, mama."

Daktari akatazama tena ile picha, na nikaona kwamba naye anashangaa. Akatuambia kwamba hicho ndicho kinachomnyamazisha kila akutanapo na mgonjwa wa namna hii, kwamba kwa ubongo uliobanwa hivi mtu huyu alijifunza kusoma, alijua Kiswahili, Kihunde na Kifaransa, alioa, alilima, alipatanisha watu, na sasa hivi ameketi hapa anatusikia. Nilimuuliza swali ambalo najua nanyi mngeuliza, kama si kweli kwamba ubongo mkubwa ni akili nyingi. Akasema tembo ana ubongo mkubwa kuliko wetu na nyangumi anamshinda tembo. Akasema wataalamu waliopima watu wengi kwa pamoja wanaona uhusiano, lakini hafifu, na kwamba kwa mtu mmoja aliyesimama mbele yako kipimo hicho hakikuambii hata kama atafaulu darasa la kwanza. Namna sehemu za ubongo zinavyounganishwa, chakula cha utotoni, magonjwa yaliyompata, nani alimfundisha na kwa upole gani, hayo yote yanaingia, na mengine hata wao hawayajui. Ukubwa wa fuvu kwa nje, akasema, ni kitu cha mwisho kabisa kukiamini.

Dada hakuwa akimsikiliza tena. Macho yake yalikuwa kwenye ile sehemu nyeusi. Alisema kwa sauti ndogo, bila kumtazama yeyote, "Kumbe njo hii mayi balinitoshea ku masomo, balinivulisha sare."

Nesi aliyekuwa akipanga vifaa alisimama. Profesa ndiye aliyenyoosha mkono akamshika dada yake kifundo cha mkono. "Yaya," alimwita, jina la utotoni la dada mkubwa, "mi sikuomba."

"Najua."

"Na mwalimu alinipiga sababu ya mayi."

Hapo dada akacheka kidogo, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Najua hukuomba," alisema. "Na Papa hakujua. Alitupenda wote wawili. Njo inaniumiza, ndugu yangu. Nikitafuta muntu wa kugombeza, simuone."

Nimelifikiria neno hilo zaidi ya yote niliyoyasikia siku ile. Tumezoea kuwa na mkosaji, na katika eneo letu wakosaji hawajawahi kupungua. Lakini hapa palikuwa na baba aliyewapenda wanawe, jirani aliyetoa sifa kwa moyo mweupe, mwalimu aliyeamini anaiamsha akili iliyolala, na kijiji kilichofurahi kupata mtu mkubwa wake. Wote walikuwa wakisoma umbo. Wazee wetu wamesimulia habari za wageni waliopita enzi za ukoloni wakipima vichwa na pua za watu kwa vyuma, wakaamua huyu atawale na yule abebe mizigo. Wageni walikwenda, zoezi likabaki mikononi mwetu. Hadi leo kuna vizuizi vya barabarani ambapo mtu anatazamwa paji la uso, na kwa mtazamo huo anaambiwa apite au ashuke. Na hadi leo kuna nyumba ambamo binti anaangaliwa na mvulana anaangaliwa, na hukumu inatoka kabla yeyote kati yao hajapewa kitabu. Wanaume kwa wastani wana vichwa vikubwa kidogo kuliko wanawake, kwa kuwa miili yao ni mikubwa. Ni mangapi tumeyajenga juu ya tofauti hiyo ya upana wa kofia.

Dawa ilikuwapo. Hilo ndilo gumu kulisema. Daktari alitueleza kwamba ni mrija mwembamba, unaotiwa kichwani na kupitishwa chini ya ngozi hadi tumboni, ili maji yapate njia. Mahali pengine ni kazi ya kawaida. Lakini mpasuaji wa aina hiyo aliyekuwa akifika mjini alikuwa ameondoka, mirija ilikuwa imekwisha, uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa, na mgonjwa asingeweza kuhimili safari ndefu ya barabara, wala kuvuka mpaka wa nchi bila karatasi ambazo hakuwa nazo, kwa maana alikimbia na nguo za mwilini. "Mungojee," alisema daktari. Alilisema akitazama chini, na nikamwonea huruma. Nilipiga simu kwa kila ninayemjua. Wapo walionijibu kwa upole, wapo waliosema watanipigia. Profesa alichoka kulala hospitalini, akaomba arudi ziwani. Wakarudi wakingoja. Majuma yakapita, akaacha kutembea, kisha akaacha kula peke yake, kisha akawa analala mchana kutwa. Asubuhi ya Jumatatu hakuamka.

Nilivuka ziwa kwenda kuzika. Hatukuweza kumpeleka juu kwenye vilima vya Masisi alikozaliwa, njia ilikuwa imefungwa. Mkewe huko Pinga tulimtumia ujumbe kupitia mwenye pikipiki, na ninapoandika haya sina hakika kama umemfikia. Huenda mama yule leo anawaambia watoto kwamba Papa yao anakuja. Makaburini mzee mmoja wa kanisa alisimama, mtu mwema aliyemjua marehemu kwa miezi michache tu, akasema kwa uchungu, "Leo tumezika akili kubwa." Watu wakaitikia. Nilimtazama dada. Alitikisa kichwa kidogo, nisimsahihishe yule mzee. Nadhani alikuwa na haki. Mtu hawezi kufundisha watu somo la ubongo mbele ya udongo mbichi, na zaidi ya hapo, aliyesifiwa alistahili sifa nyingi, ingawa hizo walizompa hazikuwa zake. Alikuwa mpole. Alisikiliza watu mpaka mwisho. Aliposhindwa kitu alisema kimemshinda. Kama angekuwa na kichwa cha kawaida, labda tungeyaona hayo mapema.

Tulipokuwa tukiondoka, mwanamke mmoja miongoni mwa wakimbizi alimkaribia dada kumpa pole. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na mtoto amefunikwa kofia ya sufu iliyovutwa hadi mwisho wa nyuzi zake. Dada alisimama ghafla. Akaomba amshike. Akaivua ile kofia, akapitisha kiganja utosini, mahali palipovimba na kung'aa, akayaona macho yakielekea chini kama jua linapozama. Yule mama alikuwa akitabasamu kwa fahari. "Bananiambia atakuwa na akili sana," alisema.

"Mama," dada alimwambia, "mutoto huyu iko mugonjwa. Usiogope, lakini usikawie. Leo hii umupeleke kwa docteur, kabla kichwa haijaongezeka kupita hapa."

"Kwa docteur wa wapi?"

Dada akanigeukia. Sote wawili tulijua docteur wa wapi, na tulijua atakachoambiwa huko. Tukampandisha boti hata hivyo. Mtoto mdogo ana nafasi ambayo ndugu yetu hakuwa nayo tena, hivyo ndivyo daktari alivyokuwa ametueleza, iwapo mrija utapatikana mapema.

Basi somo ninalolitoa kwenu ni dogo, na silitoi kwa sauti ya mtu anayejua njia. Kichwa cha mtoto kinachokua kupita mwili wake kinahitaji utepe wa muuguzi wiki hiyohiyo, kabla ya sifa zenu. Na mtoto asipangiwe shule kwa kutazamwa. Mpeni kila mmoja kitabu, binti na mvulana, kisha ngojeni muone. Haya mawili yako ndani ya uwezo wetu. Yaliyobaki, mpasuaji, mrija, ndege na njia, yako mikononi mwa watu ambao hawasomi safu hii. Jana nilikwenda hospitalini kumtazama yule mama. Nilimkuta kwenye kibaraza, mtoto amelala mapajani, hajapata mrija, na amekatazwa kurudi Bweremana ili akipatikana mpasuaji wasimkose. Aliniuliza kama nadhani huyo mpasuaji atakuja. Nilimwambia abaki karibu na mlango. Nikaketi naye.